Je, Mtu Aweza Kuuza Usalama Wake?

Jumapili moja baada ya ibada kijana mmoja wa mtaa wetu alitungoja chini ya mwembe ulio karibu na kanisa, akatuamkia, kisha akatuuliza swali tusiloweza kulijibu pale pale. Kazi yake ni kupiga picha viungio vya mabomba ya chuma. Mafundi wakiisha kuchomelea, yeye na mwenzake huleta chombo kizito ambacho ndani yake mna kipande kidogo cha madini yatoayo mionzi. Hukifungua kwa mbali, wakitumia waya mrefu. Mionzi hupenya chuma na kuacha picha katika filamu, kama vile eksirei ya hospitali ionyeshavyo mfupa uliovunjika. Kwa picha hiyo hujulikana kama kiungio ni kizima au kina ufa. Ni kazi ya maana, kwa kuwa bomba likipasuka laweza kuua watu wengi.

Kifuani huvaa beji ndogo. Beji hiyo haimkingi na chochote; kazi yake ni kuhesabu tu mionzi iliyompata. Kila baada ya muda beji hukusanywa, hupimwa, na hesabu yake huandikwa. Hesabu ikikaribia mpaka uliowekwa, mtu huondolewa kwenye mionzi na kupewa kazi ya ofisini au ya ghalani, na posho ya nje hukatika. Basi akatuambia kwa sauti ya chini kwamba wapo wenzake ambao siku za kazi nyingi huiacha beji sandukuni. "Na mimi, Mwalimu, nimepata kufanya hivyo. Mwili ni wangu, na watoto wanaokula posho hiyo ni wangu. Kama nimekubali mwenyewe, sheria yaniingilia nini? Na mkubwa wangu ana kosa gani, ikiwa hakunilazimisha?"

Tulimwambia, "Mwanangu, tupe majuma mawili." Haya ndiyo tuliyoyafikiri katika majuma hayo, na tumeona vema kuyaleta mbele ya wasomaji wote, kwa sababu swali lenyewe si la mtu wa mionzi peke yake.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani ni amri za kumbana mfanyakazi. Nchini mwetu iko Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Na kabla yake ilikuwako sheria ya mwaka 1983 iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Mtu haruhusiwi kuweka wala kutumia chombo cha namna hiyo bila kibali, na akipewa kibali amepewa na mzigo pamoja nacho. Mipaka ifuatwayo na mataifa mengi tangu mashauri ya mwaka 1990 ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ni hii: mfanyakazi wa mionzi asipate zaidi ya milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, wala asipite 50 katika mwaka wowote mmoja. Na mtu wa kawaida, yaani jirani, mpita njia, mtoto achezaye nje ya ua, asipate zaidi ya 1 kwa mwaka kutokana na kazi hizo. Milisiveti ni kipimo cha mionzi iupatayo mwili. Ardhi, mawe, hewa na anga hutupa sisi sote wastani wa 2.4 hivi kwa mwaka, na hapo hakuna mtu wa kulaumiwa.

Lakini mpaka huo si ruhusa ya kuufikia. Hili ndilo jambo ambalo wenye kazi wengi hawapendi kulisikia. Mwajiri ambaye watu wake hupata 19 kila mwaka, na ilhali kwa ukuta mnene zaidi au waya mrefu zaidi wangepata 5, hawezi kujitetea kwa kusema hakuvuka mpaka. Amepaswa kuipunguza mionzi kadiri inavyowezekana kwa busara. Na njia zake si siri: punguza muda, ongeza umbali, weka kinga katikati. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi itokayo katika kipande kidogo kama kile hupungua ikawa robo. Tulipokuwa tukifundisha tulionyesha jambo lilo hilo kwa mwanga wa taa. Tena amepaswa kuwafundisha watu wake, kuzungushia kamba na alama mahali pa kazi, kupima, kuandika na kuzihifadhi hesabu. Mama mjamzito akiisha kutoa habari ya hali yake, mtoto aliye tumboni hukingwa kama mtu wa nje, maana yeye hakuandikwa kazi na mtu.

Mizigo yote hii sheria imemtwika kwanza mwajiri. Kwa nini yeye? Jibu limeandikwa kwa mifupa ya watu, na hatuna budi kusimulia kisa chao.

Wasomaji wa umri wetu watazikumbuka saa za mkono ambazo nyuso zake ziling'aa gizani. Katika Marekani, kuanzia mwaka 1917, kulikuwa na kiwanda katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, ambamo wasichana walipaka tarakimu za saa kwa rangi yenye radiamu. Tarakimu ni nyembamba, na brashi ikitumika kidogo ncha yake hutawanyika. Kwa hiyo walifundishwa kuichonga ncha kwa midomo, kuichovya, kupaka, na kurudia tena. Kila mara walimeza chembe. Waliambiwa haidhuru. Mshahara wao ulikuwa mzuri kuliko wa wasichana wengi wa siku zile, nao walijipaka rangi hiyo kucha na hata meno, ili wang'ae wakienda kucheza dansi jioni. Lakini katika kiwanda kile kile wataalamu wa kemia walifanya kazi nyuma ya kinga za risasi na kushika radiamu kwa koleo.

Radiamu ikiingia mwilini hufuata njia ya chokaa na kukaa mifupani, na hapo huendelea kutoa mionzi. Nusu yake tu ndiyo hupotea katika miaka 1,600. Wasichana wakaanza kung'oka meno, taya zikaoza, wengine wakaishiwa damu. Mwaka 1924 kampuni yenyewe ilimwita mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Cecil Drinker, aje achunguze. Alikuta vumbi la rangi limewaenea wafanyakazi, hata nywele, nyuso na nguo zao ziking'aa katika chumba cha giza. Kampuni haikuipenda taarifa yake, ikaiweka, na idara ya kazi ya jimbo ikapelekewa maelezo yaliyogeuzwa. Yeye alipojua hayo akaichapisha mwenyewe, mwaka 1925. Mwaka huo huo tabibu wa serikali Harrison Martland naye alitangaza kwamba kiuacho ni radiamu iliyo ndani ya miili yao.

Grace Fryer, mmoja wa wasichana hao, alihangaika miaka miwili hata kupata wakili. Mwaka 1927 yeye na wenzake wanne waliishtaki kampuni. Kampuni ilijibu kwamba muda wa kushtaki ulikuwa umepita, maana waliacha kazi zamani. Kana kwamba ugonjwa huu unatazama kalenda! Mwaka 1928 walipatana: dola 10,000 kwa kila mmoja, dola 600 kwa mwaka maadamu yu hai, na gharama za matibabu. Grace Fryer alikufa mwaka 1933. Katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wasichana wa kampuni nyingine walipatwa na yayo hayo. Catherine Donohue alitoa ushahidi wake nyumbani, amelala, kwa kuwa hakuweza tena kusimama. Alishinda mwaka 1938, akafa mwezi wa Julai mwaka huo huo, na kampuni iliendelea kukata rufani hata mwaka 1939, ndipo Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Mwaka 1941 ndipo kiasi cha radiamu ambacho mwili wa mfanyakazi usikivuke kilipowekwa katika Marekani, nacho kilipatikana kwa kuwapima wanawake hao waliobaki.

Je, wasichana wale walikubali? Walikubali brashi na mshahara. Hawakukubali taya kuoza, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mtu hawezi kukubali asichokijua. Hapo nadhani hata kijana wetu atatuunga mkono. Torati imeliona jambo hili zamani sana. Katika Kutoka 21 twasoma habari ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga watu, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, basi hatia ni yake. Kisha katika Kumbukumbu la Torati 22 ajengaye nyumba mpya ameamriwa kuzungushia dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni kwamba haikuandikwa kuwa wageni waambiwe watembee kwa uangalifu. Ukingo ni kazi ya mwenye nyumba.

Hata hapa tulipofika hatujamjibu kijana wetu, maana yeye si kama wasichana wa Orange. Yeye anajua. Alikwenda mafunzo, alionyeshwa picha za mikono iliyoungua, anaijua milisiveti kuliko sisi. Naye aliikabili hoja yetu mapema: "Mvuvi huenda baharini na dhoruba yaja. Mchimbaji huingia shimoni. Mbona wao hamwaambii kwamba hawana haki ya kujihatarisha?" Ni swali la haki, na tulilala nalo usiku mwingi.

Tuna la kusema juu ya mvuvi, ijapokuwa halitoshi. Mvuvi huliona wingu. Huusikia upepo shavuni na aweza kugeuza chombo. Mionzi haina harufu wala joto wala uchungu. Mwili haupigi kelele hata mtu akiwa anaumizwa, na saratani yaweza kungoja miaka kumi, ishirini, au zaidi, tena ije au isije. Anayekubali leo ni kijana wa miaka ishirini na tisa. Atakayelipa ni mzee wa miaka hamsini na tano ambaye hakuulizwa. Hata hivyo hoja hii haimalizi neno, kwani wavuta sigara nao ni hivyo hivyo, na hakuna awafungaye.

Kilichotusaidia ni kisa tulichokisoma mara nyingi bila kukitazama vema, katika 2 Samweli 23. Daudi alikuwa ngomeni, na Wafilisti wamepiga kambi Bethlehemu. Akatamani maji ya kile kisima kilicho penye lango la mji wake, akasema tu tamaa yake; hakumwamuru mtu. Watu watatu mashujaa wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, akisema kwamba maji yale ni kama damu ya watu waliokwenda na kuhatarisha roho zao.

Fikirini, ndugu. Watu wale walikubali. Walijua hatari yote, maana walikuwa askari. Hakuna aliyewadanganya wala kuwalazimisha. Walirudi salama, na maji yalikwisha kupatikana. Kama kukubali kwa mfanyakazi kungetosha kumsafisha bwana wake, Daudi angekunywa. Lakini yeye hakuuliza, "Je, walikubali?" Aliuliza, "Je, mimi naweza kunywa?" Hayo ni maswali mawili, na kijana wetu ameyafanya kuwa moja. Kukubali kwake kwaweza kupunguza lawama iliyo juu yake yeye mwenyewe. Hakuondoi hata chembe ya lawama iliyo juu ya mtu apokeaye kazi iliyofanywa kwa hatari ambayo yeye angeweza kuiondoa. Ndiyo sababu, kwa fikira zetu, sheria humkataza mwajiri kupokea, hata pale ambapo mfanyakazi yu tayari kutoa. Wala hatusomi kwamba Daudi aliwakemea wale watu watatu.

(Na tuseme kwa upande wetu: gesi au mafuta yapitayo katika bomba lile, sisi ndio tutakaoyatumia. Kikombe hakishikwi na mwajiri peke yake.)

Sasa tuje kwenye posho, maana humo ndimo uchungu ulimo. Viwango vya usalama vilivyotolewa mwaka 2014 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1976, vina neno ambalo laweza kumshangaza msomaji. Vyasema kwamba malipo ya ziada, au likizo ndefu, au bima ya pekee, visitolewe badala ya kumkinga mfanyakazi. Yaani hatari isinunuliwe. Vyasema tena kwamba mtu akionekana hawezi kuendelea katika mionzi kwa sababu ya afya yake, mwajiri ajitahidi kwa kila njia ya busara kumpatia kazi nyingine ifaayo. Tulipolisoma neno hilo la kwanza tulidhani ni ukatili: kwa nini mtu maskini anyimwe fedha ya ziada? Lakini tukifikiri zaidi twaona busara yake. Mahali ambapo mwenye mionzi mingi hulipwa zaidi, kila ukuta utakaojengwa utaonekana kwa mfanyakazi kuwa ni mwizi wa mkate wake. Yeye mwenyewe atakuwa adui wa kinga yake. Na kwa hakika hivyo ndivyo ilivyo kwa kijana wetu: posho imefungamanishwa na mabomba, na beji imekuwa askari wa kumnyang'anya. Aliyezifungamanisha si yeye. Alipanga mtu mwingine, ofisini, akijua au asijue. Basi akisema "hakunilazimisha mtu," asema kweli, ila si kweli yote. Njaa ililazimisha, na njia ya njaa ilichongwa na mkono wa mtu.

Kuhusu kuficha beji hatukumsifu, wala hapa hatumsifu. Sheria humwekea mfanyakazi naye wajibu wa kuivaa. Lakini kosa lake si lile alilolidhani. Alidhani amemkosea mkubwa wake. Kumbe amemfadhili! Beji iliyolala sandukuni humshuhudia mwajiri kwamba ni mwema: mionzi ni kidogo, ukuta hauhitajiki, mtu wa tatu haina haja aajiriwe ili zamu zipungue. Mkaguzi akija huonyeshwa daftari safi. Na kijana afuataye, ambaye labda sasa yu kidato cha nne, ataingizwa mahali palepale kwa ushahidi wa daftari hilo.

Kisha liko jambo lililotutisha sisi kuliko mengine. Wale wasichana wa radiamu, maiti ya mmoja wao ilifukuliwa mwaka 1927, miaka mitano baada ya kuzikwa, na mifupa yake ikaacha alama katika filamu. Mifupa ilitoa ushahidi ambao kampuni haikuweza kuugeuza. Lakini mionzi ya kipande cha kijana wetu hutoka nje, hupita mwilini na kwenda zake. Haiachi chembe ya kukaa mifupani. Akiugua baada ya miaka ishirini, hakuna mfupa utakaomsemea. Shahidi wake pekee ni lile daftari, na daftari litasema kwamba siku zile hakupata kitu. Atakuwa ameandika hukumu dhidi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Huenda mwajiri mmoja akisoma haya atasema: "Mwaniambia nipunguze kadiri iwezekanavyo kwa busara. Busara ya nani? Nikijenga ukuta wa kila aina kampuni itafungwa." Neno hilo si la kudharau. Mwaka 1949 mahakama ya rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mjane aitwaye Edwards, ambaye mumewe aliangukiwa na ukuta wa njia katika mgodi wa makaa ya mawe. Wenye mgodi walisema kutegemeza kila njia ni gharama kubwa. Mahakama ikasema iwekwe mizani: upande mmoja hatari, upande wa pili fedha, muda na taabu, na mwenye kazi aachiwe tu kama gharama imezidi hatari kwa kiasi kikubwa mno. Yaani mizani isiwe sawasawa. Tangu mwanzo ielemee upande wa mtu. Sheria nyingi za usalama kazini, hata zile zihusuzo mionzi, zimejengwa katika fikira hiyo. Twaikubali, ila kwa mashaka kidogo. Ashikaye mizani ni nani? Mara nyingi ni yule yule alipaye ukuta. Ndiyo maana wakaguzi watakiwa, wenye gari na mafuta, wasiotegemea chakula cha mchana cha mwenyeji wao.

Limebaki lile neno la "mwili ni wangu." Katika mji wa Goiânia nchini Brazil, hospitali moja ya binafsi ya kutibu saratani ilihama mwaka 1985, ikaacha katika jengo la zamani mashine yenye sesiamu bila kuijulisha tume ya nchi kama ilivyopaswa. Mwezi wa Septemba mwaka 1987 watu wawili wenye kutafuta vyuma chakavu waliing'oa na kuiuza. Mwenye ghala aliona usiku unga ukitoa mwanga wa bluu, mzuri ajabu, akawaita jamaa na marafiki, akawagawia vipande vidogo kama punje za mchele. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala chakula kwa mikono ile. Mke wa mwenye ghala ndiye aliyeanza kushuku, akaupeleka mabaki kwa basi kwenye ofisi ya afya. Watu wanne walikufa, yeye na mtoto yule wakiwamo. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya laki moja walipimwa. Hakuna hata mmoja katika hao aliyekuwa na mkataba wa kazi na hospitali ile.

Hata kazi ya kijana wetu ina kisa chake. Mwaka 2000, katika kijiji cha Mit Halfa nchini Misri, kipande cha kupigia picha mabomba kilipotea. Mkulima alikiokota akidhani ni madini ya thamani, akakiweka nyumbani kwake. Yeye na mwanawe wa miaka 9 walikufa, na jamaa wengine wa nyumba ile waliumia. Miji yetu imejaa wanunuzi wa vyuma chakavu, na watoto waokotao kila king'aacho. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Mtu aliyezoea kuficha beji kwa kuwa amechoka na ana haraka, siku moja atasahau kuhesabu kipande kabla ya kufunga chombo. Hapo mwili si wake tena.

Baada ya majuma mawili kijana alikuja nyumbani jioni. Tulimweleza haya, si yote, maana alikuwa amechoka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na watoto watakula nini, Mwalimu?" Hatukuwa na jibu la swali hilo, wala Daudi hakulijibu. Tulichoweza ni kukaa mezani pamoja naye na kuandika barua kwa mkubwa wake, kwa adabu, ya kuomba mambo matatu: aonyeshwe hesabu zake zote za miaka mitatu, kama ilivyo haki yake, waya mfupi wanaoutumia ubadilishwe, na mtu akiondolewa kwenye mionzi asipunguziwe fedha. Wenzake wanne wametia sahihi, mmoja amekataa. Mwisho wa barua kijana mwenyewe aliongeza, kwa mwandiko wake, sentensi moja ya kukiri zile siku alizoiacha beji, na tarehe alizozikumbuka. Tulimwuliza kama ana hakika. Alisema anayo. Barua ilipelekwa Jumatatu, na mpaka tunapoandika haya, jibu halijaja.